Sauti ya Mama Iko Wapi?

Pengine jambo hili limeisha kufika kwa nyumba yako. Kijana wenu amekusanya pesa kidogo kidogo, amenunua ordinateri nzee, mikro moja na bafle mbili. Ameviweka kwa chumba chake cha kulala na kusema: hapa sasa ni studio. Usiku anafunga mlango, asubuhi anakuita: "Baba, kuya usikie!" Unasikia. Inalia muzuri sana, unamshukuru Mungu kwa mtoto mwenye akili. Kisha wimbo ule ule unapigwa kwa kanisa, ao ndani ya taksi, ao kwa telefoni ya shangazi, na umekuwa wimbo mwingine kabisa. Besi inanguruma, maneno hayasikiki. Kijana anakasirika na kusema: "Bafle zao njo mubaya."

Nakuandikia juu ya wimbo mmoja wa namna hii. Aliyeutengeneza ni kijana wa kanisa letu. Ameniruhusu niseme yote, bila jina lake.

Korale yetu ilichanga pesa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Wamama waliuza mikate na mafuta ya mawese, vijana walibeba matofali siku ya Posho. Pesa haikutosha kwenda kwa studio kubwa ya Lubumbashi, basi tukaamua kukamata sauti hapa hapa, nyimbo 8. Wimbo wa tano ulikuwa wa mama mmoja mzee, mwimbaji wa mbele tangu zamani, ambaye wengi wetu tulijifunza kuimba kwa kumfuata yeye. Aliimba mara mbili tu mbele ya mikro, akachoka, akasema inatosha. Miezi minne nyuma Bwana alimwita.

Usiku wa pili wa kilio, kijana alileta bafle kubwa za kanisa, akapiga wimbo wa tano. Ngoma na besi zikajaa uwanja hata mabati ya jirani yakalia. Kila "s" ya waimbaji ilichoma sawa sindano. Sauti ya mama yenyewe ilikuwa mbali, sawa mutu anaimba ndani ya kisima. Mume wake, mzee wa pansioni aliyefanya kazi miaka mingi chini ya udongo, aliinuka, akatembea polepole hata mbele ya bafle, akaweka sikio lake pale. Akakaa vile muda mrefu. Kisha akamgeukia kijana: "Mutoto wangu, mama iko wapi? Minasikia paka ngoma."

Mimi mchungaji nilifanya kosa langu palepale. Nilimkaripia mbele ya watu yule ndugu anayesimamia vyombo vya kanisa, nikifikiri ameharibu reglaje. Baadaye nilikwenda kwake kuomba msamaha, kwa maana yeye hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya wimbo, na liliingia kwa chumba kile kidogo ambapo wote tulisikia na kusema "muzuri".

Ndiyo sababu nataka tuliangalie jambo hili polepole pamoja nawe. Sauti ya mama yule iko paka ndani ya ordinateri ile. Hakuna atakayemwita arudi kuimba mara ya tatu. Lakini miksaje, maana yake kupima sauti moja na nyingine ili ziishi pamoja, inaweza kufanywa upya, mradi kila sauti imewekwa mbali na mwenziwe.

Wazee wa mbele yetu hawakuwa na nafasi hiyo. Katika mwaka 1952, pale Likasi, wakati mji uliitwa Jadotville, Hugh Tracey alikamata sauti ya Mwenda Jean Bosco na gitari yake. Gitari na koo viliingia pamoja kwa njia moja, na nyuma ya pale hakuna mtu aliyeweza kuvitenganisha. Kama gitari ilipita sauti, ilibaki vile milele. Kwa hiyo mpimaji alipima mbele ya kukamata. Leo vijana wetu wanakamata kwanza, wanapima nyuma, na mzani wao ni zile bafle mbili juu ya meza.

CHUMBA NACHO KINAIMBA

Ndugu mmoja, fundi wa sauti, alipita kwetu akienda Kolwezi, nikamwomba alale siku mbili. Alipoingia kwa chumba cha kijana, hakuangalia bafle. Alitoa metre mfukoni, akapima ukuta. Metre 3 kwa metre 3. Meza ilikuwa katikati kabisa, ili waya zifike pande zote. Fundi akacheka kidogo. "Mutoto, umejiweka kwa tundu."

Sikiliza alivyotueleza, maana kila kijana mwenye studio ya nyumbani anapashwa kuelewa jambo hili mbele ya kununua kitu kingine. Sauti inatembea hewani karibu metre 343 kwa sekunde. Sauti nzito ina hatua ndefu. Hatua hiyo ikiwa mara mbili ya upana wa chumba, sauti inagonga ukuta huu, inarudi, inagonga ule, inarudi, na inajikuta yenyewe njiani. Kwa ukuta inakuwa nguvu sana. Katikati ya chumba karibu inakufa. Kwa chumba cha metre 3, hesabu inatoa mitetemeko 57 kwa sekunde. Na ile nyuzi ya La ya gitari ya besi, ukiipiga wazi, inatetemeka mara 55. Ni jirani kabisa. Tena chumba kile ni mraba, basi kuta nne zote zinasaidiana kufanya tundu moja mahali pamoja, palepale alipoketi kijana.

Wimbo wa tano unaimbwa kwa La.

Kwa hiyo kijana alikuwa anasikia besi dhaifu, akaiongeza. Akaona bado, akaongeza tena. Hakudanganya mtu, maskio yake yalimwambia kweli juu ya mahali pale alipoketi. Lakini bafle za kanisa, katika uwanja usio na kuta, zilitoa besi yote aliyoweka.

Usikubali neno langu bure. Jaribu leo kwa chumba chako, kama kura iko. Piga noti moja nzito kwa programu yako, iendelee bila kukatika, kisha tembea polepole kutoka kona hata katikati. Utasikia inavimba kwa kona na inapotea unapofika kati. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilicheka sawa mtoto.

Nyuma ya pale fundi alimpa kijana kazi ya kaye. Anza na Mi ya chini ya besi, mitetemeko 41, panda noti moja moja, zote kwa nguvu ileile, na kila noti andika: ya kadiri, inavimba, inapotea. Ikichukua saa moja, ni sawa. Kaye ile ndiyo karte ya chumba chako. Hata usipoweza kubadili kitu, utajua wapi chumba kinakudanganya.

Lakini mambo fulani yanaweza kubadilishwa bila pesa. Toa meza katikati, isogeze karibu na ukuta mmoja, ili kichwa chako kiwe mbali na ukuta wa mbele kidogo kuliko theluthi ya chumba. Kwa chumba cha metre 3 ni karibu metre 1 na sentimetre 15. Upande wa kuume na wa kushoto uwe na nafasi sawasawa. Bafle mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, na mdomo mdogo wa bafle, ule wa sauti za juu, uwe kwa urefu wa maskio. Bafle za kijana zilikuwa zimelala chini kwa meza, zinaimbia tumbo lake. Tuliziinua kwa matofali mawili mawili, na juu ya tofali kipande cha pneu ya gari, ili meza isitetemeke nazo.

Kuta nazo zinahitaji kitu cha kumeza sauti. Watu wanabandika vikapu vya karatasi vya mayai. Ni kazi bure. Vinaguswa kidogo na sauti za juu, lakini besi inapita sawa haikuona kitu. Sponji nyembamba ni vilevile. Kinachosaidia ni unene, sentimetre 10 ao zaidi, na kwa kona zaidi sana. Mafundi wanatumia ile sufu ya njano inayofungiwa mabomba ya moto kwa usini. Kijana usiende kuitoa kwa usini! Nasema hivi kwa sababu mmoja aliniuliza. Mifuko mikubwa iliyojaa blanketi na nguo nzee, ikipangwa kwa kona toka chini hata juu, inafanya kazi isiyo mbaya. Kitanda chenye godoro nene nacho kinasaidia, basi usikitoe.

KUNONGONA USIKU

Fundi akauliza: "Unafanya hii kazi saa gani?" Kijana akajibu kwamba ni usiku, nyuma ya saa ine, wadogo wake wamelala, kwa hiyo anapunguza volimu hata inakuwa sawa kunongona.

Hapo kuna mtego mwingine. Katika mwaka 1933, watu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, waliandika matokeo ya kupima maskio ya watu. Waliona kwamba sikio la mwanadamu, sauti ikiwa ndogo, linapoteza kwanza zile nzito. Ni vile Mungu alivyotuumba, haina ugonjwa. Ukipunguza volimu, besi inakimbia mbele ya sauti ya mtu. Basi anayepima akinongona ataona besi haitoshi, na ataiongeza. Wimbo ule ukipigwa kwa nguvu, besi yote inaamka. Kinyume chake ni kweli vilevile: anayepima kwa makelele mengi anaona kila kitu ni kitamu, na asubuhi wimbo wake ni mwembamba.

Kumbe kijana wetu aliketi kwa tundu, tena alinongona. Aliongeza besi mara mbili kwa sababu mbili.

Dawa ni kuwa na volimu moja ya kazi. Uwe unaweza kuongea na mtu wa karibu kwa kuinua sauti kidogo tu. Weka alama kwa kifungo, kwa rangi ya kucha ya dada yako, na kila siku anzia pale. Sikio linazoea kimo kimoja sawa vile mama anavyozoea kikombe kimoja cha kupimia unga. Unaweza kushuka kidogo ili kusikia kama maneno yanabaki wazi, ni jaribio zuri sana, lakini usipime besi huko chini. Kama usiku ndiyo nafasi yako peke yake, tumia usiku kwa kazi nyingine: kukata makosa, kupanga, kusafisha. Besi ingoje Posho mchana. Na kaske? Kaske ni nzuri kwa kusikia makosa madogo, na haina habari na chumba. Lakini inaweka sauti ya kuume kwa sikio la kuume tu, na ya kushoto vilevile. Hakuna mtu anayesikia vile kwa kanisa.

MASKIO YA MUTU WA MINE

Hapa nataka nikae kidogo, maana ni jambo la nyumba zetu zote.

Kijana anafanya kazi mchana kwa mashini ya kuvunja mawe. Anarudi jioni, maskio yanalia "ngiii", anaoga, anakula, anaketi kwa bafle. Kwa nini "s" za korale zilichoma watu kwa kilio? Kwa sababu yeye hakuzisikia. Makelele ya mashini yanachosha sikio, na mara nyingi yanagusa kwanza sehemu ya juu, karibu na mitetemeko 4000 kwa sekunde. Hapo njo kunakaa ukali wa "s", "f", "t", yale yanayofanya neno lieleweke. Sikio lililochoka linaona wimbo ni giza, linaongeza mwanga. Nyuma ya usiku mmoja ao mbili za kupumzika, kusikia kunaweza kurudi. Lakini ukirudia kila siku mwaka kwa mwaka, havirudi tena. Ndani ya sikio kuna nywele ndogo sana zinazopokea sauti, na kwa mwanadamu zikiisha kufa haziote tena.

Kwa kazi, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi inashauri desibeli 85 zisipite saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, na kwa 100 ni dakika 15 tu. Alama ya mtu asiye na chombo cha kupima ni hii: kama unapashwa kupaza sauti ili mwenzako aliye hatua moja mbele yako akusikie, mahali pale panakula maskio yako. Vile vifuniko vya maskio wanavyogawa kwa kazi, vaa. Najua vijana wanaviweka mfukoni kwa sababu wenzao wanawacheka.

Na ninyi wamama, sikieni. Mama mmoja alikuja kwangu akilia kwamba mume wake, mutu wa mashini ya kutoboa, anamdharau. Anasema naye, hajibu. Wanaume wenzake anawajibu. Tukampeleka hospitali kupima. Hakuwa anadharau mtu. Sauti nyembamba za wanawake na watoto ndizo zinazopotea kwanza kwa masikio ya namna hii, na maneno yanakuwa sawa uji. Miaka sita ya ugomvi ndani ya nyumba, kumbe ni sikio. Ukiona baba anaongeza radio kila mwezi, na anajibu swali ambalo hukumwuliza, usimgombeze, mwongoze apimwe.

Kwa habari ya studio, amri ya fundi ilikuwa fupi: siku ya mashini, hakuna miksaje. Kijana alinungunika, maana siku za kupumzika ni mbili kwa juma, na moja ni ya Bwana. Lakini alitii. Na kila dakika 40 anatoka inje dakika 10, anasikiliza kuku na watoto, anarudi.

KIFUNGO CHA MONO

Mpaka sasa tumeeleza besi na "s". Lakini sauti ya mama mwenyewe ilikwenda wapi? Neno hili lilitushangaza zaidi.

Siku ya pili fundi alifungua wimbo, akatafuta kifungo kimoja cha programu kinachoitwa mono, akakibonyeza. Kifungo hicho kinaunganisha upande wa kuume na wa kushoto kuwa mmoja. Mbele ya macho yetu, ao niseme mbele ya maskio yetu, mama alirudi nyuma, akawa mdogo, akaingia kisimani. Akakiachia, mama akarudi. Akakibonyeza tena, akapotea. Kijana alishika kichwa.

Kumbe alitaka kumheshimu mama. Alitumia dawa moja ya programu inayotandaza sauti iwe pana, iende pembeni kuume na kushoto. Dawa za namna hii mara nyingi zinafanya upande mmoja usukume wakati upande mwingine unavuta. Ukiketi kati ya bafle mbili unasikia upana mtamu. Lakini vyombo vya kanisa letu vinaunganisha pande mbili, sawa vyombo vya makanisa mengi. Telefoni nyingi vilevile, na radio ndogo ya soko. Msukumo na mvuto vikikutana vinauana. Ngoma na besi hazikuwekewa dawa ile, zikabaki na nguvu zote. Mama peke yake ndiye aliyefutwa.

Kwa hiyo, kijana mpenzi, mbele ya kumwita mtu yeyote asikie, bonyeza mono. Sauti ya mbele na besi zikae katikati. Upana uwape waitikiaji na gitari za pembeni. Kulikuwa na fundi mkubwa wa Marekani, Bruce Swedien, aliyepima Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982. Alikuwa na bafle kubwa za kila namna, lakini alipenda sana kusikiliza kwa kisanduku kidogo cha Auratone chenye mdomo mmoja tu, bila besi ya maana. Ukiweza kufanya wimbo ueleweke kwa kisanduku vile, utaeleweka kwa taksi. Kwetu tulichukua radio nzee ya bibi ya kijana, tukaiunga na waya. Hiyo ndiyo Auratone yetu.

Na bafle zenyewe, basi? Kijana alikuwa na haya kwamba zake ni za bei ndogo. Fundi akamwambia: "Bafle mubaya yenye unajua inapita bafle muzuri yenye haujue." Akamweleza habari za Yamaha NS-10, zile zenye mdomo mweupe, utaziona kwa picha nyingi za studio. Zilitoka mwaka 1978 kwa ajili ya kusikiliza miziki nyumbani, na watu wa nyumbani hawakuzipenda. Mafundi wa studio wakazichukua, Bob Clearmountain kati yao, kwa sababu zilikuwa kali katika sauti za kati na zilifunua kila kosa. Kiwanda kilisimamisha kuzitengeneza mwaka 2001, na mpaka leo wengine wanazitafuta. Hazikuwa tamu. Watu walizijua tu.

Kuzijua kunafanywa hivi: chagua nyimbo 3 zilizotengenezwa vizuri, zinazofanana na kazi yako, ambazo umezisikia kwa kanisa, kwa gari na kwa kilio. Zisikilize kila siku kwa bafle zako mbele ya kugusa kazi. Besi yao inakaa wapi? Sauti ya mtu iko mbele ya ngoma ao nyuma? Lakini angalia, nyimbo zile zimeisha kupandishwa nguvu. Zishushe ziwe sawa na wimbo wako, maana sikio linadanganyika, linaita "muzuri" kila kinacholia zaidi. Kitabu cha Mezali kinaongea juu ya mizani ya udanganyifu. Mimi nilikuwa nahubiri neno lile kwa wauzaji wa unga tu.

Kijana alifanya hivi miezi mitatu. Sitakuficha, ilikuwa ya kuchosha. Anapima, anapeleka kwa kanisa siku ya tatu jioni, anaandika kwa kaye: "kanisa: besi bado nyingi, taksi: sawa, radio ya bibi: maneno wazi, gitari inapotea". Anarudi, anabadili kidogo. Mwanzoni tofauti ya chumba na kanisa ilikuwa kubwa. Kadiri majuma yalivyopita, alianza kusema mbele ya kwenda: "Pasta, leo kwa kanisa itakuwa nzito kidogo kwa La." Tunakwenda, na kweli ni nzito kidogo kwa La. Hapo nilijua ameanza kuelewa bafle zake. Mara mbili kura ilipotea siku tatu mfululizo, na diski yake ikakataa kufunguka. Kama hakuwa ameweka sauti zote kwa diski ya pili kwa nyumba ya mjomba wake, ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Wewe unayesoma, kama una sauti ya mzee yeyote kwa ordinateri yako, weka ya pili kwa nyumba nyingine, leo.

Mtume Paulo anawaambia Wakorinto, barua ya kwanza, sura ya 14, juu ya filimbi na kinubi ambavyo sauti zao hazitofautiki, hata msikiaji hajui nini kinapigwa. Anaongea juu ya maneno ya kanisa, lakini kila mara nikisoma pale sasa naona kifungo cha mono.

Wimbo wa tano mpya ulipigwa kwa kanisa siku ya kumkumbuka mama. Besi ilikaa chini yake, haikumfunika. Neno kwa neno lilisikika hata kwa benchi la nyuma ambapo watoto wanachezea. Wamama wa korale walishikana mikono. Yule ndugu wa vyombo aliniangalia, nikamwinamishia kichwa.

Lakini mzee, mume wake, alikaa kimya. Nilikwenda kuketi karibu naye. Akasema kwa sauti ya chini: "Pasta, minasikia iko anaimba. Maneno njo sipate." Maskio yake yalibaki chini ya udongo miaka mingi iliyopita, na miksaje ya haki kwa watu wote haikuwa ya haki kwake.

Kijana alisikia. Jioni ile, siku isiyo ya mashini, aliketi na kufanya miksaje nyingine, ya mutu mmoja. Alitoa besi karibu yote, akashusha ngoma, akampandisha mama juu sana na kuongeza zile sauti za 3000 na 4000 alizokuwa amejifunza kuziogopa. Kwa maskio yako na yangu inachoma. Aliiweka kwa karte ya radio ndogo, akampelekea mzee. Nilikuwepo. Mzee aliiweka kwa sikio, akafunga macho, na kwa beti ya pili midomo yake ikaanza kutembea pamoja na maneno.

Anaipiga kila jioni mbele ya nyumba, kwa volimu yote. Jirani yake ameisha kuja kwangu mara mbili kulalamika. Nimemwomba avumilie.